Jembe la Dada Kwenye Paa la Jiko

Kwanza mnisamehe. Mwandiko wangu ni mbaya, na maneno mengine sina hakika yanaandikwaje, maana niliishia darasa la saba na tangu hapo mkono wangu umeshika matope kuliko kalamu. Anayenichapia maandishi haya ameahidi kunyoosha palipopinda. Naandika polepole pia. Sentensi moja naweza kuianza matofali yakiwa mabichi nikaimaliza yamekauka upande wa juu.

Kazi yangu ni kufyatua matofali. Shimo letu la udongo liko Mshangano, bondeni chini ya nyumba ya bibi, karibu na kijito kisichokauka kiangazi. Tuko wawili, mimi na rafiki yangu mmoja mtu wa Namtumbo, ambaye amenizidi umri kidogo na amenizidi maneno sana. Wateja anaongea nao yeye. Mimi nikiona mteja anateremka huwa naikumbuka kazi fulani ya haraka ndani ya shimo. Ndivyo nilivyo tangu shule. Mwalimu alikuwa akiuliza swali, jibu ninalo, linapanda mpaka kooni, linakaa hapo. Anajibu mwingine, anapigiwa makofi.

Dada yangu ni kinyume changu. Amenitangulia kuzaliwa, na wakati mwingine nadhani aliondoka na maneno yote ya tumboni, mimi nikakuta pamefagiliwa. Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Alitulea bibi, mama yake baba. Dada alisoma sekondari za bweni mpaka kidato cha sita, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima akifundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi ya hapo mtaani, huku akituma maombi ya chuo kila penye tangazo.

Siku majibu yalipokuja tulikuwa tunakanyaga udongo. Nilimwona anateremka mbio kutoka kwa bibi, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, simu kainyanyua juu kama mtu anayevuka mto na mzigo.

"Nimepata! Jamani, nimepata!"

"Umepata nini, mchumba?" rafiki yangu akauliza.

"Ada!"

"Wenzako wanapata wachumba, wewe umepata ada. Haya, hongera. Ya wapi?"

"Zambia. Chuo kikuu. Serikali inalipa ada yote, miaka yote. Nakwenda kusomea uhandisi wa migodi."

Rafiki yangu aliutoa mguu kwenye matope akautazama, akalitazama shimo letu. "Yaani uvuke mpaka, uende nchi ya watu, ukajifunze kuchimba shimo? Na hili hapa ni nini? Ingia, dada yangu. Sisi hatutozi ada."

Tulicheka mpaka dada akakaa chini kwenye majani. Mimi nilicheka kwa namna nyingine, kwa ndani. Nilikuwa nayajua malori ya makaa ya mawe yanayopita mjini kwetu. Dada alikuwa akisimama kando ya barabara kuyatazama tangu akiwa msichana mdogo wa sare, akiuliza walioyachimba hayo makaa wanapumuaje huko chini. Hakuna aliyewahi kumjibu. Sasa angekwenda kuuliza kule kunakofundishwa.

Alinieleza utaratibu, na mimi nawaeleza kama nilivyouelewa. Serikali inawasaidia wanafunzi waliopata nafasi katika vyuo vya nchi jirani, kwa masomo ambayo wataalamu wake wanahitajika nyumbani. Ada inakwenda moja kwa moja chuoni, haipiti mikononi mwa mtu. Mwanafunzi naye anaahidi kurudi kufanya kazi nchini. Ahadi hiyo lazima iwe na mtu nyuma yake, kwa hiyo mkuu wa familia anafika ofisini mjini, anakaa mbele ya maofisa, anaulizwa, anatia saini au dole gumba. Mdhamini asipofika siku aliyopangiwa, nafasi inakwenda kwa mwingine aliye kwenye foleni. Dada alipangiwa siku yake wiki chache mbele.

Mkuu wa familia yetu ni bibi. Hatuna mwingine.

Tulimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Bibi ana utani, na utani wake ni ule wa bibi na wajukuu: mimi ananiita mume wake, dada anamwita mke mwenzake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona unahema? Mume wetu amekufukuza?"

"Bibi, nimepata chuo. Ada inalipa serikali."

Bibi aliweka ungo chini akapiga kigelegele kimoja kirefu, kuku wakakimbia. Jirani akauliza kwa sauti juu ya ua kuna nini, bibi akamjibu, "Tulia, utaambiwa!" Kisha akauliza chuo chenyewe kiko wapi. Huko Mbeya? Iringa?

"Zambia, Bibi."

Mkono uliokuwa unarudi kwenye maharage ukasimama.

"Zambia," akasema.

"Ada yote watalipa wao, Bibi. Wewe unatakiwa uje tu ofisini, unidhamini kwamba nitarudi."

"Ada watalipa. Nimesikia. Na mtu akipotea, watalipa mtu?"

 Bibi aliinuka, akaingia jikoni, nasi tukamfuata, kwa sababu tulijua anakwenda kutazama nini.

Jiko la bibi ni kibanda cha nyasi kilichotengana na nyumba. Kwenye fito za paa, juu ya mafiga, kuna jembe limechomekwa. Limekuwepo tangu nipate akili. Limefunikwa masizi mpaka chuma na mpini vimekuwa rangi moja. Ni jembe la babu. Babu alikwenda Zambia kwenye migodi ya shaba baba yetu akiwa bado anabebwa mgongoni. Alituma blanketi moja kupitia dereva wa lori, akatuma salamu kupitia mtu mwingine, halafu kukawa kimya. Kimya hicho ndicho tulichozaliwa tukakikuta.

Katika nyumba yetu mtu anayevuka mpaka anatundika jembe lake kwenye paa la jiko kabla hajaondoka. Analitundika kwa mkono wake mwenyewe, na udongo wake, bila kulisafisha. Halishikwi, haliazimwi, mpaka mwenyewe arudi alishushe. Sijui kama ni desturi ya Wangoni wote au ni ya nyumba yetu peke yake. Babu hakutundika. Alipata lifti ghafla akiwa shambani, akaliacha jembe kwenye tuta, akapanda lori. Bibi ndiye aliyekwenda kulichukua akalichomeka pale, na miaka yote hii ameamini kwamba hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Jembe la msafiri linatundikwa na msafiri," alisema akiwa anatazama juu. Kisha akamgeukia dada. "Na wewe, la kwako liko wapi?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama mafiga.

Ukweli ni kwamba dada hakuwa na jembe. Toka kidato cha kwanza alikuwa bwenini; likizo akirudi analima na lolote lililo karibu, la bibi au langu. Nyumba nzima ilikuwa na majembe na hakuna hata moja ambalo mtu angesema hili la dada.

"Huna jembe," bibi akasema. Hakuwa na hasira. "Sasa utarudi kwenye nini?"

"Nitarudi kwako, Bibi."

"Mimi nilikuwepo. Babu yako hakurudi kwangu."

Akatoka akaendelea na maharage yake. Yalikuwa yamekwisha. Nilimwona anayachambua yale yale masafi.

Siku iliyofuata dada hakwenda shuleni kufundisha. Alilala kifudifudi kitandani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Niliwaza kwamba mambo haya ni mepesi. Bibi anataka jembe, majembe yanauzwa. Nikaoga, nikavaa shati, nikapanda bodaboda mpaka sokoni mjini. Duka la vifaa nililipita mara kadhaa, maana muuzaji alikuwa anaongea kwa sauti na wateja walikuwa wamejaa. Mwishowe akaniita yeye. "Wewe kijana unayezunguka kama bundi, unataka nini?" Nikanyoosha kidole. Akanipa jembe jipya, la bluu, na karatasi ya kiwandani bado imebandikwa. Nikakata mpini mzuri wa mti mgumu, nikautia mwenyewe, nikamkabidhi dada, dada akampelekea bibi kwa mikono miwili.

Bibi alilipokea. Akaligeuza. Akasoma ile karatasi kwa kidole ingawa hajui kusoma. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nani amefanya hivi? Mume wangu, ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hili ni la duka, mume wangu. Halimjui mtu. Ukilitundika hili, litamngoja nani? Litamngoja muuzaji!"

Rafiki yangu wa Namtumbo aliposikia habari hiyo alilala chali kwenye majani. Wiki nzima aliniita jina jipya, Mngoja Muuzaji. Lakini ni yeye pia aliyesema neno lililotuonyesha njia. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko, akasema, "Sasa si alifundishe limjue? Hapa kuna udongo wa kumtosha. Jembe halichagui shimo."

Ilikuwa kiangazi, na kiangazi hakuna kilimo kwetu. Mashamba yamelala, ardhi ni ngumu. Mahali pekee Mshangano ambapo jembe linaingia ardhini kila siku wakati huo ni kwenye shimo la matofali.

Dada alishuka kesho yake asubuhi, kitenge kimefungwa kiunoni, jembe la bluu begani. Julai kwetu kuna baridi, na udongo wa asubuhi unaingia kwenye mifupa. Tukampa kona ngumu, yenye changarawe, kwa sababu rafiki yangu alisema chuma kinajifunza haraka kwenye mawe.

"Injinia, chimba!" alikuwa akimpigia kelele. "Usibembeleze, huo si mtoto!"

"Nawe kanyaga udongo, acha domo!"

"Huko Zambia utaweza kujibu wakubwa hivyo? Watakurudisha kwa basi la kwanza."

"Wakinirudisha si ndiyo nimerudi? Kamwambie bibi aje anidhamini."

Alipata malengelenge, yakapasuka, yakawa magamba. Alijifunza kurusha udongo bila kuinua mgongo. Mchana tulikuwa tunakaa kivulini mwa tanuru tukila ugali, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alisema makaa ya mawe yalikuwa sababu ya kwanza tu. Sababu ya pili ni babu, maana aliamini hakutoka tena mgodini. Alitaka kujua ni nini kinachomtokea mtu aliye chini, na nini kingefanywa asipotee. Aliniambia huku akichora na kijiti kwenye vumbi, shimo linateremka hivi, hewa inaingizwa hivi, njia ya kutokea inakuwa hapa. Nilifuatilia kile kijiti na nilielewa kila kitu. Nami ni mtu wa mashimo.

"Kamwambie bibi hayo," nikamwambia.

"Nikimwambia atalia."

"Basi alie."

Hakumwambia. Siku zikaenda. Nilimwona bibi jioni akisimama uani akitazama bondeni. Rangi ya bluu ikatoka kwenye chuma. Karatasi ya kiwandani ilikuwa imekwenda siku ya kwanza.

Zilipobaki siku chache kabla ya ile ya ofisini, bibi alishuka shimoni. Hajawahi kushuka, maana kuna mteremko na magoti yake yana kelele. Alishuka kwa kushika fimbo mkono mmoja na bega langu mkono mwingine. Rafiki yangu akamwamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, karibu mama, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekosa la kuongeza. Bibi alikwenda moja kwa moja kwa dada akanyoosha mkono. Dada akampa jembe.

Chuma hakukiangalia. Aliangalia mpini. Alipitisha kiganja pale ambapo mikono ya dada ilikuwa inashika, palikuwa pamelainika na pana mng'ao wa jasho. Akaunusa. Kisha akachukua mkono wa dada, akaugeuza juu, akapitisha kidole kile kile kwenye magamba ya kiganja.

"Limeanza kumjua," akasema, si kwa dada wala kwangu, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye ndani ya nyumba.

Ndipo dada alipomweleza ile sababu ya pili, ya babu. Alisema yote pale shimoni, mbele yetu, na kijiti mkononi, njia ya hewa, njia ya kutokea. Bibi alisikiliza akiwa ameegemea fimbo. Alilia, kama dada alivyosema. Lakini alipomaliza kulia akauliza, "Na hiyo njia ya kutokea, kwa nini hawakuiweka wakati ule?"

"Sijui, Bibi. Ndiyo naenda kuuliza."

"Uliza kwa sauti," bibi akasema. "Mume wangu, nipandishe. Ugali wangu utaungua."

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, dada alipanda kwenye kigoda jikoni akalichomeka jembe lake kwenye fito, sentimita chache kutoka la babu, na udongo wa shimo letu umekaukia kwenye shingo ya chuma. Bibi alijaza maji mdomoni akamnyunyizia dada usoni, kama anavyofanya kubariki. Dada akapiga chafya. Basi, ilikuwa hivyo tu. Hatukufanya sherehe, maana bado palikuwa na ofisi.

Na ofisi ndiyo sehemu ninayotaka kuisimulia kuliko zote.

Tulikwenda watatu, bibi akiwa na kitenge chake cha Pasaka. Tulikaa kwenye benchi la korido pamoja na watu wengine na watoto wao. Tulipoitwa tukaingia kwenye chumba chenye meza ndefu. Nyuma yake alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole lakini wa kazi, na kijana mwenye kompyuta. Yule mama hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa wa kanda nyingine. Alimwamkia bibi vizuri, akaeleza masharti, kisha akasema, "Bibi, samahani, swali hili tunamuuliza kila mdhamini. Wengine tukishawalipia ada wakavuka, hawarudi. Wewe una uhakika gani kwamba mjukuu wako atarudi?"

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu. Lakini bibi jambo likimgusa Kiswahili kinamkimbia, kinabaki Kingoni. Akazungumza kwa Kingoni, muda mrefu, akinyoosha kidole juu kwenye dari la ofisi, akionyesha mikono, akinusa kiganja chake. Yule mama akamgeukia dada.

"Amesema nini?"

Dada akafungua mdomo. Kijana wa kompyuta akasema, "Mwombaji hawezi kujitafsiria. Yupo ndugu mwingine?"

Wote wakanitazama mimi.

Nilihisi lile jibu linapanda, kama zamani darasani, likafika kooni likakaa. Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa na matope kwenye kucha, nilikuwa nimesugua asubuhi na hayakutoka. Niliona dada ameshika ukingo wa kiti. Hakunisaidia hata kwa jicho, hakuruhusiwa. Nikawaza kwamba huyu akikosa ataanza tena kutuma maombi, na jembe lake litakuwa limetundikwa bure, nami nitakuwa nimeketi hapa nikitazama kucha.

"Bibi anasema," nikasema, na sauti ilitoka nene kuliko nilivyotegemea, "babu yetu alikwenda Zambia akaacha jembe lake kwenye tuta. Hakurudi. Kwetu anayevuka mpaka anatundika jembe lake jikoni, na halishikwi mpaka arudi. Dada hakuwa na jembe. Likanunuliwa jipya, akalichimbia mwenyewe kwenye shimo la matofali, mpaka mpini umeshika mikono yake. Jumapili amelitundika. Bibi anasema uhakika wake ni huo."

Kalamu ya yule mama ilikuwa imesimama.

"Jembe hilo liko wapi sasa?"

"Jikoni kwetu, Mshangano."

"Na mtu akilichukua?"

"Halichukuliki, mama."

"Kwa nini?"

"Bibi yuko pale."

Kijana wa kompyuta akacheka, akajifanya anakohoa. Bibi akauliza kwa Kingoni mama huyu amesema nini pale mwanzo, kuhusu wale wasiorudi, hakumsikia vizuri. Nikamwambia: serikali imewalipia watu, wakavuka, wakabaki huko. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli, akamtazama yule mama kama mtu anayemtazama mfiwa mwenzake. Akasema sentensi moja.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Hii sikutaka kuitafsiri. Niliogopa ni utovu wa adabu. Lakini koo lilikwisha kufunguka.

"Anasema, kumbe na serikali ina majembe kwenye paa."

 Halafu yule mama akavua miwani, akaiweka mezani, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na alipokuwa anafuta macho sikuweza kusema kama ni kicheko tu. "Yapo, Bibi," akasema. "Yapo mengi." Kisha akavaa miwani akamgeukia kijana. "Hapa penye maelezo ya mdhamini niandike nini? Jembe?"

Bibi alilielewa neno hilo bila tafsiri. "Andika," akasema kwa Kiswahili safi.

Akaweka dole gumba. Alilikandamiza mpaka nikadhani meza itabonyea. Yule mama akampa dada mkono, akampa bibi mkono akiinama kwa heshima, kisha akanipa na mimi. "Umetafsiri vizuri," akaniambia. "Umesoma wapi?" Nikasema shule ya msingi ya mtaani. Akasema, "Sauti yako inasikika mpaka mwisho wa chumba. Wengi wanaokuja hapa tunawaomba warudie."

Nimewahi kupata malipo ya tanuru zima kwa mkupuo. Sikusikia furaha kama ile.

Nje, kwenye ngazi, dada aliruka kama mtoto. Bibi akapiga vigelegele vyote alivyokuwa amevizuia tangu ile siku ya maharage, katikati ya mji, waendesha bodaboda wakageuka, mmoja akauliza, "Harusi lini, mama?" Bibi akamjibu, "Ada imelipwa!" Na yule bwana, sijui alielewa nini, akapiga honi mpaka tukapotea kwenye kona.

Dada aliondoka na basi la alfajiri la Mbeya, kwenda kuunganisha mpaka Tunduma. Sitaeleza stendi. Kila mtu anajua stendi.

Nyumbani bibi alikuwa akiingia jikoni asubuhi, kabla ya kuwasha moto, anatazama juu. Siku moja nilimsikia anaongea. Alikuwa analiambia jembe la dada, kwa Kiswahili, labda kwa sababu dada ni msomi, "Umelalaje?" Nilirudi nyuma kwa kunyata. Shimoni rafiki yangu aliacha kuniita Mngoja Muuzaji akaanza kuniita Mkalimani. Mteja alipokuja siku hizo, rafiki yangu alisema, "Mkalimani, kaongee naye," na nilikwenda. Kwanza niliikumbuka kazi fulani ya haraka shimoni. Lakini nilikwenda, na yule mteja alichukua matofali.

Dada alirudi likizo ya kwanza mvua zikiwa zimeanza. Alitembea kutoka barabarani na begi kichwani. Bibi alikuwa uani, na hakumkimbilia. Alisimama tu, fimbo mkononi, na dada akaelewa. Hakuamkia, hakukaa. Aliweka begi chini, akaingia jikoni, akapanda kwenye kile kigoda. Masizi yalikuwa yameanza kulishika jembe. Alilishusha, akatoka nalo mvuani, akaenda kwenye shamba la nyuma ya nyumba, akapiga mashimo ya mstari mmoja wa mahindi, bado yuko na viatu vya safari. Bibi alimfuata akitia mbegu. Wakafika mwisho wa mstari.

"Sasa niamkie," bibi akasema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Ile njia ya kutokea, uliuliza?"

"Niliuliza."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Bibi. Mpaka mwalimu akaniambia nitulie."

Baadaye, nguo zikikauka kwenye moto, bibi aliniita. Alikuwa ameketi na anatazama fito, pale palipobaki jembe moja.

"Mume wangu. Nishushie na hilo."

Sikuelewa mara moja. Dada alielewa kabla yangu, akashika mkono wa bibi. Nilipanda. Mpini ulikuwa umeliwa na wadudu, ulivunjikia mkononi kama biskuti, na masizi yakatumwagikia wote watatu. Bibi alilipakata lile jembe, akalipangusa kwa kitenge mpaka chuma kikaonekana kidogo. "Amengojewa vya kutosha," akasema. "Litie mpini. Chuma bado kizuri."

Nililitia mpini. Ndilo ninalochimbia udongo mpaka leo, na rafiki yangu, ambaye hana jambo asilolitania, hilo hajawahi kulitania.

Dada sasa yuko mwaka wake wa tatu. Ada inaendelea kulipwa kama ilivyoahidiwa, na kila akiondoka jembe lake linapanda, kila akirudi linashuka. Mpini umeanza kupindia upande wake wa kushoto, kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Hata akilichukua mtu mwingine sasa, litamsumbua.

Nimemaliza. Ninachoomba ni kimoja. Ninyi mnaosoma, kama kuna mtu wenu aliyevuka mpaka, kusoma au kutafuta kazi, niandikieni mniambie kwenu anaacha nini nyumbani. Jembe, kigoda, kikombe, chochote. Nataka kujua kama desturi hii ni ya kwetu tu. Msijali mwandiko, hata wangu nimewaambia ulivyo. Nasoma polepole, lakini nasoma mpaka mwisho, na nitawajibu. Siku hizi najibu.